Ukoka wako haujafa, umelala tu: namna ya kuurudisha kijani mvua zikianza Tabora

Habari wadau. Hii nimeiandika kwa ajili ya watu wa Tabora na sehemu zinazofanana na huku, yaani kule ambako mvua ni msimu mmoja tu, inaanza Novemba inaisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, baada ya hapo ni jua na vumbi miezi mitano sita mfululizo. Kila ikifika Septemba Oktoba naona kitu kinaniuma kweli, mtu ana uwanja wake mzuri wa ukoka mbele ya nyumba, kiangazi kimeupiga mpaka umekuwa rangi ya mkeka wa zamani, ukikanyaga unalia kwacha kwacha, basi anaita kijana na jembe anamwambia ng'oa yote tutapanda upya. Jamani msing'oe.

Mimi niling'oa. Mwaka wangu wa kwanza kuhamia Isevya, hapa Tabora mjini, nilikuta uwanja umekauka kabisa nikaamini umekufa, nikalipa vibarua siku tatu, afu nikaagiza majani ya vipande vya mraba kutoka mbali, yakaja kwenye kirikuu yamefungwa kwenye magunia, yamechemka huko ndani mpaka yananuka, nusu yake yalikufa wiki hiyohiyo. Mvua zilipokolea mwezi wa kumi na mbili ule ukoka wa zamani nilioung'oa ukaanza kutoka wenyewe kwenye vipande vilivyobaki chini, na mpaka Februari ulikuwa umeyameza yale majani ya hela. Toka hapo nikasema sirudii, na nimekuwa nikiufufua kila mwaka bila kununua hata kipande.

Sababu ni hii. Ukoka una kamba za aina mbili, zile zinazotambaa juu ya ardhi na zile nyeupe zinazotembea chini ya udongo. Maji yakikata majani yanakauka lakini zile kamba za chini zinabaki hai zimehifadhi chakula zinasubiri. Huo ni usingizi. Pasipalamu, aina nyingine ya majani ya uwanjani, nayo ina shina nene la kutambaa linalokaa karibu na uso wa udongo, inavumilia pia, ila ukiifyeka mpaka chini kabisa kwenye jua kali unaiumiza zaidi kuliko ukoka.

Afu kuna hili la tarehe. Ukitafuta mtandaoni utakutana na maelekezo ya watu wa Ulaya na Marekani, wao wanasema anza majira ya kuchipua, Machi mpaka Mei, baridi ikishaondoka. Kwao ni sahihi kabisa maana majani yao yanalala kwa baridi. Ya kwetu yanalala kwa kiu. Ukifata kalenda yao hapa Tabora utaweka mbolea Aprili, mvua ndio inaaga, majani laini yanachipua yanakutana na Juni kavu, umeyaua kwa mkono wako. Majira yetu ya kuchipua ni Novemba, na kazi inaanza katikati ya Oktoba. Ndugu zetu wa Kigoma mvua huwa inawafikia mapema kidogo kuliko sisi, kwahiyo wao wawahishe kila kitu wiki mbili tatu hivi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kama uko hai

Chukua panga au jembe dogo, chimba kipande cha ukubwa wa kiganja, kina cha vidole vinne, toa ukitikise udongo udondoke. Utaona kamba ngumu zenye vifundo kama miwa midogo sana. Ikate moja kwa kucha. Ndani ikiwa nyeupe na ina unyevunyevu iko hai. Ikiwa ya kahawia, imekuwa na uwazi katikati na inavunjika kama kijiti cha kiberiti basi hiyo imekufa. Fanya hivyo sehemu tano sita tofauti usifanye moja ukahukumu uwanja mzima, chini ya mwembe sio sawa na katikati ya uwanja, na pale unapopaki gari sio sawa na ukutani.

Kama bado una wasiwasi chagua mita moja kwa mita moja, mwagilia ndoo moja ya lita 10 kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili. Oktoba joto ni kali, kama kuna uhai utaona ncha za kijani ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Usiende kumwagilia uwanja wote sasa hivi, hilo nitalieleza mbele.

Pale palipokufa kweli chomeka vijiti vya alama, tutarudi huko na miche. Kwa uzoefu wangu uwanja unaoonekana umekufa wote, sehemu iliyokufa kweli huwa ni ndogo, na ni zilezile kila mwaka: njia ya mkato ya kwenda getini, chini ya mwembe, na mabaka ya mchwa.

Tafuta kibarua Oktoba, usisubiri

Hii sio hatua ya bustani ila ndio inayoangusha wengi. Mvua ya kwanza ikishalowanisha ardhi, kila mtu mwenye nguvu anakimbilia shambani, mahindi, karanga, tumbaku, mpunga, hakuna mtu atakuja kukukatia majani mjini, na akija bei ni nyingine. Samadi pia ni hivyohivyo, wenye mashamba wanaizoa kabla ya msimu. Kwahiyo kazi ngumu zote, kusafisha, kufyeka, kuleta samadi, zimalize Oktoba. Utabiri wa msimu wa Novemba mpaka Aprili wa Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa unatoka kabla mvua hazijaanza, usikilize, wanasema kama mvua zitawahi au zitachelewa kwa mkoa wako, upange siku zako kwa hapo.

Kusafisha na kufyeka

Anza na reki ya chuma yenye meno. Kwanza toa majani ya miembe, na Tabora miembe ndio mji wenyewe, hakuna uwanja usio na majani ya mwembe, yakilala kiangazi chote juu ya ukoka yanatengeneza blanketi hewa haipiti na mchwa wanakuja kula. Afu rudia reki kwa nguvu zaidi, vuta ile takataka ya nyasi kavu iliyoshikana juu ya udongo, utashangaa itakavyotoka magunia na magunia. Tabaka hilo likizidi unene wa kidole maji ya mvua yanaishia humohumo hayafiki kwenye mizizi.

Tafadhali usichome moto. Najua wengi ndio njia yao, kiberiti kimoja kazi imeisha, na ni kweli ukoka unaweza kuchipua baada ya moto, lakini upepo wa Oktoba hauaminiki, umeungua mpaka uzio wa jirani yangu na banda lake la kuku siku moja mchana kweupe, na tena udongo wetu huu wa kichanga hauna mboji ya kuchezea, hicho kidogo kilichopo juu unakiunguza. Hizo nyasi kavu zirundike kona moja na samadi mbichi kidogo na maji, mwakani utakuwa na mboji.

Ukimaliza reki fyeka chini. Ukoka unaweza kuushusha mpaka sentimita 2 hivi, mara moja tu kwa mwaka, na ni wakati huu tu kabla ya mvua. Kazi yake ni kuondoa shina kavu za zamani ili jua lifike kwenye vifundo vya chini. Pasipalamu usishuke chini ya sentimita 4. Kama unatumia fyekeo linoe kwa tupa kwanza, fyekeo butu halikati, linavuta, na kwenye kichanga linang'oa kabisa. Kama una mashine ya kukatia majani okota mawe na vipande vya chupa kabla hujaiwasha.

Toboa udongo, hapa ndipo penye siri

Watu wanaruka hatua hii na mimi naona ndio yenye faida kuliko zote, kuliko hata mbolea. Uwanja unaokanyagwa mwaka mzima na watoto wanaocheza mpira udongo wake unashikana mpaka unakuwa kama sakafu. Mvua ya Novemba ikija inapiga kwa nguvu dakika ishirini maji yote yanaenda mtaroni, udongo chini umebaki mkavu. Mizizi inataka hewa na maji, na ardhi iliyoshindiliwa haina vyote viwili.

Kama una uma wa bustani tumia huo, zamisha meno kina cha sentimita 10, utikise mbele na nyuma kidogo, toa, songa sentimita 10 mpaka 15, rudia. Huna uma, chukua kipande cha nondo ya milimita 12, mpelekee fundi wa kuchomelea akichonge ncha na akuwekee mpini wa kuvuka juu kama msalaba, hicho kinakaa miaka. Sehemu za kawaida toboa mara moja, ila kwenye njia na sehemu ya kupaki toboa mara mbili, mara ya pili ukipishanisha matundu.

Usitoboe udongo ukiwa mkavu kabisa utavunja mkono bure, na usitoboe ukiwa tope maana matundu yanajifunga. Subiri mvua ya kwanza ile ya kudanganya, ambayo mara nyingi inakuja mara moja afu inapotea, ukiikosa mwagilia jioni kwa kiasi utoboe asubuhi.

Samadi na udongo wa juu

Sehemu kubwa ya Tabora ni kichanga, maji yanapita kama kwenye chujio na virutubisho vinaondoka nayo, kwahiyo ukoka wako unahitaji kitu cha kushika unyevu. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ndio dawa, na hapa mifugo ipo. Ioze miezi mitatu na zaidi, iwe nyeusi, haina harufu ya zizi, ukiifinya inabomoka. Samadi mbichi inaunguza na inakuletea mbegu za magugu ya kila malisho ng'ombe alikopita.

Ichekeche kwenye chekeche la mafundi, lile la mchanga, uondoe mabonge. Changanya debe moja la samadi na debe mbili za udongo wa juu mzuri. Kama kichanga chako ni kile cheupe kabisa kama cha ufukweni ongeza udongo wa kichuguu uliosagwa, nusu debe kwenye mchanganyiko huo inatosha, una ufinyanzi unaosaidia kushika maji, ila usizidishe na usiumwage peke yake ukawa tabaka juu ya mchanga, ukikauka unakuwa kama saruji na maji hayapiti.

Tandaza unene wa nusu sentimita, basi. Hesabu yake ni rahisi, uwanja wa mita 10 kwa 10 unataka lita 500 za mchanganyiko yaani debe 25 za lita 20. Ukimaliza chukua fagio la chelewa au mgongo wa reki, fagia mchanganyiko uingie kwenye yale matundu uliyotoboa. Ncha za majani lazima zionekane. Nimeona watu wanafukia uwanja wote kwa samadi sentimita tano wakidhani wanausaidia, ukoka unahangaika kutoka na lile gugu la ndago ndio linatangulia.

Kupanda kwenye vipara

Hapa subira. Usipande kwenye ile mvua ya kwanza. Subiri mvua ipige mara tatu nne ndani ya wiki mbili, afu zamisha kisu kirefu ardhini, kama kinaingia sentimita 15 kwa urahisi na kinatoka na udongo wenye unyevu mpaka nchani, panda. Kawaida ni katikati au mwishoni mwa Novemba, mwaka mwingine Desemba.

Miche usinunue, itoe kwenye uwanja wako mwenyewe pale palipostawi, pembeni ukoka unapoingilia maua ndio pazuri maana ulitaka kupunguza hata hivyo. Kata kamba za sentimita 10 mpaka 15, kila moja iwe na vifundo vitatu na kuendelea, maana mizizi inatokea kwenye kifundo, kamba bila kifundo ni takataka. Ziweke kwenye gunia lililoloana kivulini, uzipande siku hiyohiyo.

Lima kipara chote kina cha sentimita 10, changanya samadi, sawazisha. Chora mifereji midogo ya kina cha sentimita 4 au 5, umbali wa sentimita 20 kati ya mstari na mstari, laza kamba zifuatane, fukia theluthi mbili acha theluthi moja ya ncha yenye majani nje. Afu kanyaga kwa mguu kila mstari ili udongo ugusane na kamba, usiogope kukanyaga, kamba iliyoelea kwenye hewa ndani ya udongo inakauka. Mwagilia hapohapo hata kama kuna mawingu.

Siku 14 za mwanzo hapo pasikauke. Mvua ikikosa siku mbili peleka ndoo. Zungushia kamba na vijiti, sio kwa ajili ya watoto tu, kuku. Kuku ni adui namba moja wa ukoka mchanga, anafukua mstari mzima kwa dakika kumi akitafuta kumbikumbi. Kama una kuku wa kienyeji wanaozurura wafungie hizo wiki mbili.

Mvua zikiwa nzuri wiki ya sita mpaka ya nane mistari inaanza kushikana, na sehemu kubwa ya vipara inafunga ndani ya miezi mitatu.

Chini ya mwembe ni suala lingine. Ukoka unataka jua, chini ya masaa sita kwa siku unakonda unakuwa mrefu mwembamba afu unapotea. Mwembe mkubwa wenye kivuli kizito hautakubali ukoka hata ufanyeje. Una njia tatu, kupogoa matawi ya chini jua liingie, kupanda pasipalamu ambayo inavumilia kivuli kiasi, au kukubali tu ukaweka changarawe na benchi, na mimi binafsi nimechagua benchi maana mwembe wangu unazaa na siwezi kuukata kwa ajili ya majani. Tena Novemba Desemba maembe yakianza kudondoka yaokote kila siku, yakiozea kwenye ukoka yanauacha na madoa na nzi wanajaa.

Mbolea ya dukani

Iweke baada ya uwanja kuwa kijani angalau nusu. Ukiweka kabla ya hapo hakuna majani ya kuitumia, mvua inaisomba kwenye kichanga inaenda chini, umelisha magugu na mtaro.

Kwa uwanja wa mita za mraba 100, yurea kilo moja. Ina naitrojeni asilimia 46, kwahiyo kilo moja ni nyingi kuliko inavyoonekana. Kama unatumia CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, weka kilo mbili. Usikadirie kwa macho, pima dukani, maana kosa la yurea halisameheki, ukimwaga konzi mahali pamoja asubuhi unakuta duara la njano na wiki ijayo ni kipara. Gawa mafungu mawili, fungu la kwanza rusha ukitembea kutoka getini kwenda nyumbani, la pili ukitembea kukatisha, hapo inaenea sawasawa. Irushe majani yakiwa makavu ili chembe zidondoke chini zisigande kwenye jani, afu mwagilia au iwe siku yenye dalili ya mvua ya wastani jioni. Yurea ikikaa juu ya udongo kwenye jua inageuka hewa inaondoka, ile harufu kali ya mkojo ni hela yako inapaa. Na mvua ya mafuriko nayo inaisomba, kwahiyo angalia anga.

Kwenye vile vipara ulivyopanda upya usianze na yurea. Pale mizizi inahitaji fosforasi. Kama una mkulima wa tumbaku aliyebakiwa na ile mbolea ya NPK 10:18:24 (naitrojeni, fosforasi na potasi) inafaa sana, konzi mbili ndogo kwa mita ya mraba ni nyingi mno, gramu 30 tu, changanya na udongo kabla ya kulaza kamba.

Rudia yurea kiasi kilekile baada ya wiki sita. Mara ya mwisho iwe kabla ya katikati ya Machi.

Maji, tusidanganyane

Ukoka unaokua vizuri unataka kama milimita 25 za maji kwa wiki, mvua na za kumwagilia kwa pamoja. Milimita 25 kwenye mita za mraba 100 ni lita 2,500, hizo ni uniti mbili na nusu kila wiki. Toka maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora hali ni tofauti na enzi zile tunategemea bwawa la Igombe, lakini bili ni bili, na ndio maana nasema usimwagilie uwanja wote Oktoba. Usingizi hauna gharama. Maji yako yapeleke kwenye miche mipya na sehemu za kujaribia tu, hayo mengine mwachie Mungu na Novemba.

Kupima mvua weka kopo tupu la maziwa ya unga, lile lenye kuta zilizonyooka, katikati ya uwanja, ikipita wiki chomeka rula. Chini ya milimita 25 na jua ni kali, ongeza. Ukimwagilia mwagilia asubuhi na mwagilia kwa wingi mara moja au mbili kwa wiki, usinyunyizie kidogokidogo kila jioni, huko ni kufundisha mizizi ikae juu, na mizizi ya juu ndio inakufa ya kwanza kiangazi kikirudi. Maji ya kuoshea mboga na mchele ni mazuri, ya kufulia yenye sabuni nyingi usimwage hapo.

Magugu na wadudu

Mvua haichipushi ukoka peke yake. Ndago ndio itakusumbua kuliko yote, ina vitunguu vidogo chini vinavyounganishwa na uzi, ukivuta jani uzi unakatika kitunguu kinabaki kinatoa miche mingine. Dawa ya uvumilivu ni kuichimbua na kisu kirefu udongo ukiwa umelowa, utoe na kitunguu, kila wiki, bila kuruka, mpaka vitunguu viishiwe nguvu. Mwaka mmoja nilienda dukani nikauziwa dawa ya kuua magugu nikaambiwa inachagua ndago tu ukoka haiugusi, nikapiga na pampu ya mgongoni uwanja mzima, kumbe ni glaifoseti, hiyo haichagui inaua kila jani la kijani, nilibaki na mistari ya njano miezi miwili. Kwahiyo soma kiambato kwenye lebo mwenyewe, usitegemee maneno ya muuzaji. Tuforodi yaani 2,4-D inaua majani mapana kama kishona nguo, lakini ndago haiimalizi.

Mbigili ing'oe ikiwa bado na maua ya njano kabla haijaweka zile mbegu za miiba, maana mbegu zake zinakaa ardhini miaka, na watoto wanatembea peku.

Mchwa wanakula nyasi kavu, kwahiyo ukishapiga reki na uwanja ukapata unyevu wengi wanahama wenyewe. Vunja vile vifuniko vya udongo wanavyojenga juu ya majani kila unapoviona. Majivu yanasaidia kidogo mpaka mvua iyaoshe. Kama kuna kichuguu ndani ya uwanja huwezi kushinda bila kuchimba mpaka kwa malkia au kutumia dawa ya duka la pembejeo, na kama ni dawa, kuku na watoto wakae mbali muda ulioandikwa kwenye lebo.

Wa kuogopa zaidi ni viwavijeshi. Wanakuja wiki chache baada ya mvua kuanza, vipepeo wanataga usiku, na ukoka ni chakula wanachokipenda. Leo uwanja kijani, kesho una mabaka, keshokutwa vimebaki vijiti. Ukiona ndege wamejaa ghafla kwenye majani asubuhi wanadonoa, kuna kitu. Changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 5 za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba, subiri dakika kumi, kama wapo wanapanda juu. Ukikuta wengi piga dawa jioni wakati wanakula, zenye saipamethrini au lambda-sihalothrini zinapatikana. Na mwambie bwana shamba wa kata yako siku hiyohiyo, maana wakimaliza majani yako wanahamia kwenye mahindi ya watu. Ukoka wenyewe utarudi, wamekula majani tu, kamba za chini ziko salama.

Kukata mpaka msimu uishe

Kata ya kwanza subiri ukoka ufike sentimita 5 au 6, kata ubaki 4. Kanuni ni moja, usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Januari mvua zikiwa zimekolea hiyo ni kila wiki au siku kumi, mtu anayeacha mwezi mzima afu anafyeka mpaka chini anaona manjano na kulaumu mbolea. Vipande vifupi viache palepale vinaoza ni mbolea ya bure, virefu vilivyolala mabonge viondoe.

Kwenye Januari au Februari kuna wiki mvua inakata jua linawaka kama Oktoba, usiweke yurea hizo wiki, usikate, peleka maji kwenye miche tu.

Kuanzia Aprili acha majani yarefuke, ukoka sentimita 5, pasipalamu 7 mpaka 8, yafunike udongo wake. Toboa tena zile sehemu za njia wakati mvua za mwisho bado zinanyesha maji yaingie chini, afu funga mashine, paka tupa na fyekeo mafuta machafu yasishike kutu mpaka Oktoba.